Kulenga na kubahatisha ni vitu viwili, naomba mtusaidie kutofautisha

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Mi ni mama wa miaka 46, nina steshenari hapa Majengo, Moshi, kompyuta tano, fotokopi, printa na laminesheni. Barua itakuwa ndefu, mnaweza kupunguza mnapoona panafaa, ila ile sehemu ya kindege, ile kamari ya kwenye simu, naomba msiiguse maana hiyo ndo imenifanya nikae niandike usiku huu.

Jumapili iliyopita tulikuwa na mkutano wa mtaa. Ajenda zilikuwa mtaro ulioziba, taka na ulinzi shirikishi, tulipofika kwenye mengineyo mzee mmoja akasimama, mzee ninayemheshimu sana maana alikuwa rafiki wa marehemu baba, akasema watoto wa huu mtaa wameshaharibika, wakitoka shule hawaendi nyumbani wanaenda steshenari kucheza kamari, kwahiyo anaomba mtaa upitishe kwamba steshenari zote zitoe magemu kwenye kompyuta na atakayekaidi afungiwe. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa nyuma na wenzangu wa kikoba, wakageuka wote kuniangalia, moyo ukanienda mbio, nikanyoosha mkono lakini mvua ilishaanza kudondoka na mwenyekiti akasema hiyo hoja tutaimalizia mkutano ujao. Ndo naandika kabla ya huo mkutano, maana nikisimama pale nitapewa dakika mbili tu na hili jambo haliishi kwa dakika mbili.

Kwanza niseme wanachocheza watoto kwangu, maana naona wengi waliopiga makofi hawajawahi hata kusimama nyuma ya kiti cha mtoto wakaangalia.

Gemu wanayoipenda kuliko zote ni ya upinde na mshale. Inafunguka kwenye brauza tu, hamna kudaunlodi wala kulipia, unaandika anwani inakuja. Kuna mtu wako kashika upinde upande huu na kuna adui upande ule, ila adui yuko mbali nje ya skrini, humuoni. Unabana mausi, unavuta nyuma kama unavyovuta upinde, na wakati unavuta skrini inakuonyesha namba mbili, nguvu na nyuzi, yaani umevuta kiasi gani na umeinua kiasi gani. Ukiachia, mshale unaruka na skrini inaufuata mpaka unapoangukia, hapo ndo unajua kumbe umempita juu ya kichwa, au umechoma ardhi hatua kumi kabla hujamfikia. Alafu anapiga yeye, alafu wewe, hamna kingine, na mtoto anakaa nusu saa nzima hajachoka.

Kuna dogo wa darasa la sita, mama yake anauza ndizi Mbuyuni, siku ya kwanza alikuwa anavuta mpaka mwisho, kila mshale nguvu mia, na kila mshale unapita unapotelea huko. Karibu watoto wote huanza hivyo, wanaamini nguvu ndo kila kitu. Siku ya tatu akaanza kupunguza. Wiki ya pili nikamsikia anamwambia mwenzake, "ukimlenga yeye humpati, lenga hewani juu yake." Nilikuwa nakata karatasi za kadi za harusi nikaacha. Hakuna mtu aliyemfundisha ile sentensi, kaitoa kwenye mishale aliyokosa. Mshale ukiwa hewani unavutwa chini muda wote, ukiunyoosha sawasawa na mtu utamfikia miguuni au hautamfikia kabisa, kwahiyo lazima ukadirie utashuka kiasi gani njiani alafu uinue kwa kiasi hichohicho.

Kukawa na kijana wa form five anayesoma PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, alikuja kuprinti notsi, akawakuta wanabishana, akachukua penseli akawachorea nyuma ya karatasi iliyoharibika. Akawaambia kwenye uwanja tambarare, ukiacha mambo ya upepo, mshale unafika mbali kuliko wote ukiuinua nyuzi 45. Alafu akawaambia kitu ambacho hata mimi sikukijua, kwamba ukipiga kwa nguvu ileile nyuzi 30 na ukipiga nyuzi 60 mshale unadondoka palepale, wa 30 unaenda chinichini na unawahi, wa 60 unapanda juu kabisa unachelewa kushuka. Watoto wakakataa, wakasema haiwezekani, wakakimbilia kompyuta wakajaribu. Kelele zilizotoka pale! Na kuanzia siku hiyo, wakifika ile leveli yenye ukuta katikati hawahangaiki, wanajua njia ya chini imezibwa basi wanapita ile ya juu. Yule kijana alisema hiyo mada wameifanya darasani wiki mbili na wengi wao bado wanakariri fomula tu. Dogo wa darasa la sita hana fomula, ila ukimuuliza atakuonyesha kwa mkono njia zote mbili zinapopita.

Sasa hii kitu mimi niliipata bila kompyuta. Nimekulia Uru, na shamba letu la ulezi lilikuwa chini kwenye tambarare, ulezi wa mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, na kama hujawahi kuamia ndege kwenye ulezi hujui njaa ya ndege ikoje. Alfajiri tunapelekwa, tunarudi jua limezama, na silaha yetu ni kombeo. Babu alinisokotea la katani. Unaweka jiwe kwenye kile kikalio cha katikati, unashika ncha zote mbili, unazungusha juu ya kichwa mara mbili tatu, alafu unaachia ncha moja. Kazi yote iko kwenye kuachia. Mimi ni wa mkono wa kulia, nikiwahi kuachia jiwe linaenda kulia, nikichelewa linaenda kushoto, na kati ya kuwahi na kuchelewa pana nafasi ndogo kama kupepesa jicho. Nilitupa mawe nadhani ya kujaza lori kabla sijaweza kulipeleka jiwe kwenye kundi la ndege. Babu hakuwahi kuniambia niache kucheza, alikuwa anasema "tena," basi, "tena." Na kaka zangu walikuwa na manati, na shuleni tulicheza rede, unakaa katikati wenzio wawili wanakutupia mpira wa soksi na wewe unasoma bega la anayetupa kabla mpira haujatoka mkononi kwake. Hakuna mzee aliyeita ile kamari.

Najua kuna mtu atasema ile ilikuwa ya kukimbia na jua na hewa safi, hii ni ya kukaa. Nakubali kabisa, na siwezi kumdanganya mtu kwamba mausi inajenga mwili kama rede. Mimi nasema kuhusu kilichoko ndani yake, unalenga, unaachia, unaona ulipokosea, unarekebisha. Hicho ni kilekile.

Upande wa taiming nao usidharauliwe. Nyie wenye simu na kompyuta zenye Chrome mnamjua yule dainosa anayetokea intaneti ikikata. Google walimweka 2014 ili mtu asikae bure wakati mtandao umepotea, na 2018 wenyewe walisema anachezwa mara milioni 270 kwa mwezi, na sana kwenye nchi ambazo bando ni ghali au mtandao unayumba. Kwangu bando likiisha katikati ya mwezi kompyuta zote tano zinakuwa dainosa. Kitufe ni kimoja, kile kirefu cha chini, unabonyeza anaruka mti wa miba, baadae wanakuja ndege wa kale wengine chini wengine juu, na mbio zinaongezeka kadiri unavyokaa.

Kilichonishangaza ni hivi. Binadamu akiona kitu mpaka kidole kibonyeze inapita kama robo sekunde. Skrini ya kawaida inachora picha 60 kila sekunde, kwahiyo kwenye hiyo robo sekunde zimeshapita picha 15. Maana yake ukisubiri mpaka mti ufike miguuni ndo ubonyeze umeshachelewa, umekufa. Mtoto lazima abonyeze kwa ajili ya kitu ambacho bado hakijafika. Wasichana wananielewa vizuri hapa kwa sababu ya kuruka kamba, ile kamba inayozungushwa na wawili, huingii kwa kuiangalia ilipo, unatikisa mwili unaihesabu mara mbili tatu alafu unaingia inapopanda. Binti yangu mdogo aliwashinda wavulana wote kwa dainosa wiki ya kwanza na sababu ni kamba, yeye mwenyewe alisema "mama ni kama kuingia kwenye kamba."

Alafu kuna mashine namba tatu. Ni ya zamani, RAM ndogo, ukifungua vitu viwili inaanza kustaki. Gemu ikiwa ndani yake haichori picha 60, inaruka ruka, kidole kinabonyeza sasa dainosa anaruka baadae kidogo. Mi nilikuwa sijui hilo, ni watoto walioniambia, wakaniambia kwenye namba tatu unabonyeza mapema, na mausi ile isiyo na waya msiitumie kwa mshale inachelewa. Mtoto wa miaka kumi na moja anapima uzito wa mashine kwa kidole! Fundi alipokuja kuisafisha na kuongeza RAM walikuwa wa kwanza kusema imekuwa nyepesi, alafu wakalalamika siku mbili maana taiming yao yote ilibidi waijifunze upya.

Sasa nifike kwenye kindege.

Nina mtoto wa dada yangu, ananiita mama mdogo, anaendesha bodaboda ya mtu na kila jioni anapeleka hesabu kwa bosi. Kijana mzuri, mpole, hanywi. Mwaka jana akaanza kuchelewesha hesabu, mara tairi, mara kasimamishwa barabarani, mara mafuta yamepanda. Siku moja kaja dukani kuchaji simu nikaona anachofanya. Kile kindege kinachoruka kwenye skrini, namba inapanda moja nukta mbili, moja nukta tano, mbili, tatu, na unatakiwa utoe hela yako kabla hakijapotea, ukichelewa imekwenda. Nikamuuliza hii nini mwanangu, akaniambia kwa uso mkavu kabisa, "mama mdogo hii ni taiming, ni kama ile dainosa ya watoto wako." Nilihisi kama kanipiga kofi. Kwa sababu ukiangalia kwa juu ni kweli zinafanana, kitu kinakwenda mbio, kidole kiko juu ya kitufe, moyo unadunda, ukiwahi umepona ukichelewa umekufa.

Lakini hazifanani, na naomba kila mzazi anayesoma hapa asome taratibu. Kwenye dainosa mti unauona unakuja, uko pale, ukikosa umekosa wewe. Kwenye kindege sehemu kitakapokatikia imeshapatikana kwa mahesabu ya mashine kabla hakijaruka, hakuna unachokiona kinachokuambia kitakata wapi, kwahiyo hakuna cha kusoma na hakuna cha kuwahi. Kidole chako hakina kazi pale. Ushahidi wenyewe wameuweka kwenye hiyohiyo gemu, kuna sehemu unaweza kupanga namba ya kutokea, ikifika pale inajitoa yenyewe bila wewe kugusa kitu. Nilimwambia mwanangu jiulize, mchezo gani wa taiming unakuruhusu ufumbe macho? Mshale ukifumba macho humpati mtu. Kombeo ukifumba macho utampasua mwenzio. Kindege ukifumba macho matokeo ni yaleyale, na mwenye mashine kashaweka faida yake mle ndani.

Nikamfanyia jaribio, na hili ndo nataka kulipeleka mkutanoni. Pale ukutani kwangu nina karatasi, watoto wanaandika wamempata adui kwa mshale wa ngapi, na tarehe. Yule dogo wa ndizi tarehe za mwanzo ameandika 9, 11, 8, 9. Wiki tatu baadae ni 4, 3, 5, 3. Siku hizi ni 2. Nikamwambia mwanangu na wewe andika mwezi mzima, umeweka ngapi, umetoa ngapi. Aliandika kweli, sina cha kumlaumu, kwenye kidaftari cha mafuta. Wiki ya kwanza ilikuwa juu chini juu chini, ya pili hivyohivyo, ya nne hivyohivyo ila hela imepungua elfu themanini na mbili. Tukaziweka karatasi mbili pamoja mezani. Hakusema kitu muda mrefu, alafu akasema "huyu dogo anajifunza, mi sijifunzi." Nililia mwenzenu. Mpaka leo bado tunapambana naye, sitaki kusema kapona maana sijui akiwa barabarani anafanya nini, ila simu ya kazi kaniachia mimi nikae na namba ya siri ya hela.

Na dubwi ni vilevile, zile mashine za kutumbukiza sarafu, taa inazunguka kwenye matunda na namba, na mtoto anagonga kitufe anaamini akigonga pale itasimama palepale. Mashine inajichagulia yenyewe ndani. Ndo maana hata jina la kiserikali linasema ukweli, michezo ya kubahatisha. Sheria yake ni ya 2003 na mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Lakini mtaani kwetu kuna dubwi mbili, sitasema ni kwa nani, ziko hatua chache kutoka njia wanayopita wanafunzi, na pale mkutanoni hakuna aliyezitaja. Watoto wanasimama pale na jero la chapati. Hilo ndo linaniuma kuliko hata kutajwa mimi, kwamba tulipiga makofi kufunga mahali ambapo mtoto anakosa, anafikiri, anapata, na tukatoka tukapita mbele ya dubwi tukaenda nyumbani.

Sisemi steshenari zote ni safi au kwangu hamna shida. Shida zipo na nazitaja. Hizi tovuti za gemu za bure zinajiendesha kwa matangazo, na kuna siku mtoto anavuta upinde na pembeni ya skrini kinaruka kindege kilekile na maneno ya bonasi. Nilipoona hilo mara ya kwanza nilizima kompyuta zote. Nikamuita fundi akaniwekea programu ya kuzuia matangazo kwenye brauza zote tano, na tovuti ambazo bado zinapitisha nikazifunga kabisa, zimebaki chache tu nilizozicheza mwenyewe kwanza. Mwenye steshenari ambaye hajafanya hivyo afanye, na hapa mzee wetu ana haki ya kukasirika. Pia mtoto mwenye sare saa nne asubuhi hakai kwangu, namuuliza shule gani na kwa nini yuko hapa. Na ni nusu saa, mia tatu, ikiisha anatoka hata kama kabakiza adui mmoja, wananiona mkali lakini wamezoea. Kuna wazazi wanaoacha mtoto kwangu toka mchana mpaka saa moja jioni kama vile hapa ni chekechea, huyo namrudisha kwao kwa mguu wangu mwenyewe.

Nimekaa na hii biashara toka 2010, mwaka mmoja baada ya mkongo wa baharini kufika Dar, Julai 2009, ndo intaneti ikaanza kuwa na mwendo wa kueleweka huku kwetu. Magemu ya wakati ule karibu yote yalikuwa ya Flash, programu ya kampuni ya Adobe iliyokuwa inayaendesha ndani ya brauza. Adobe waliacha kuihudumia mwisho wa 2020, na ilipofika tarehe 12 Januari 2021 ikawa haifunguki kabisa, watoto wamekuja na mia tatu zao wanakuta kiboksi cheupe mahali pa upinde. Walidhani nimewafungia. Nilishindwa kuwaeleza vizuri. Baadae gemu nyingi zikaandikwa upya kwa HTML5 ambayo brauza inaisoma yenyewe, na za zamani nyingine zimerudi kupitia Ruffle, programu inayoiga ile Flash ndani ya brauza, ndo mshale wetu ukarudi. Kuna kijana aliyecheza ule mshale kwangu akiwa darasa la tano, sasa yuko chuo Arusha anasoma upimaji ardhi, alipita likizo akaukuta, akakaa kwenye mashine namba tatu akapata kwa mshale wa pili. Akanilipa mia tatu kama zamani, nikakataa, akaiacha kwenye droo.

Sasa ninachoomba, Ndugu Mhariri. Naomba gazeti lenu liwaandikie wazazi kuhusu hili kwa lugha ya kawaida, gemu gani mtoto analenga na gemu gani mtoto anabahatisha, maana gazeti lenu linafika mpaka kwa wazee ambao hawashiki simu, na wao ndo wanaopitisha maamuzi kwenye mikutano. Mwandishi akitaka kuja kwangu akaona zile karatasi mbili aje, mwanangu karuhusu ya kwake ionyeshwe ilimradi jina lisitajwe. Walimu wa sayansi nao, kama kuna mmoja hapa Moshi anataka kuleta watoto kumi Jumamosi wakapige mshale wa 30 na wa 60 alafu akawafundishia hapohapo, nawapa kompyuta zote tano bure kuanzia saa nane mchana. Na uongozi wa mtaa naomba kwa heshima zote, kabla ya kufunga kompyuta zangu tutembee pamoja dakika tano tu mpaka kwenye zile dubwi tukaulize zina kibali cha nani.

Mkutano unaendelea Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nane, palepale chini ya mwembe. Nitabeba laptopu ya ofisini na kaeksitensheni, mwenyekiti ameshaniruhusu, na nitaweka ile gemu ya mshale watu wajaribu kabla ya kupiga kura. Kiti cha kwanza ni cha yule mzee. Baba aliwahi kuniambia kwamba walipokuwa vijana kule tambarare hakuna aliyemfikia huyo mzee kwa kombeo, na kwamba jiwe lake lilikuwa linaenda kinyume na la wenzake kwa sababu alirusha kwa kushoto. Mausi nitaiweka upande wa kushoto.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Majengo, Moshi